Viini kumi na sita havikompaili faili moja

Waandishi wa programu wa Kampala wakilipwa fedha za mradi, kitu cha kwanza wanachokiwaza ni prosesa. Mmoja ana prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, mezani. Amesikia kuna Ryzen 9 5950X iliyotumika inauzwa huko William Street, na anataka kujua kama hii ndiyo itakayomwondolea dakika anazokaa akitazama mistari ikipita kwenye skrini. Jibu la haraka ni kwamba chipu hiyo ina viini 16, yaani sehemu 16 zinazofanya kazi kila moja peke yake, dhidi ya 6 alivyonavyo, na kila kiini kina kasi kuliko cha zamani, kwa hiyo ndiyo, itaharakisha. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii kitu. Hajasema ni kusubiri kupi kunakomkera. Kuna kule kwa asubuhi, anapochukua mabadiliko ya wenzake na mradi mzima ukajengwa upya. Na kuna kule kwa kila dakika chache, anapobadilisha mstari mmoja, anabonyeza, kisha anangoja aone kama kosa limeondoka. Hizo ni kazi mbili tofauti, na zinadai prosesa za tabia tofauti.

Tuanze na kinachotokea ndani. Mradi wa C++ wenye faili elfu moja za msimbo hukompailiwa, yaani hugeuzwa kuwa lugha ya mashine, faili kwa faili, na faili moja haina haja ya kujua kama jirani yake imemalizika. Ndiyo maana kazi hiyo hugawika vizuri: viini vinne huchukua faili nne kwa wakati mmoja, viini kumi na sita huchukua kumi na sita. Lakini faili moja haikatwi vipande. Ikiwa una faili moja nzito iliyojaa templeti, inayochukua sekunde 40, itakaa kwenye kiini kimoja sekunde zote hizo hata kama viini kumi na tano vingine vimelala. Mwishoni huja linka, programu inayokusanya vipande vyote na kuviunganisha kuwa faili moja ya kuendesha, na linka nyingi za zamani hufanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa kiini kimoja. Muuza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, wa Wandegeya anaweza kuongeza makaango manne na chapati zikatoka kwa wingi, lakini mteja anayetaka rolex moja tu atangoja muda ule ule wa jana.

Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1967, na hesabu yake bado ndiyo inayoamua nani anapoteza fedha. Chukua mradi unaojengwa kwa dakika 12 kwenye viini vinne. Tuseme dakika 10 ni kazi inayogawika, na dakika 2 ni maandalizi na kulinki, mambo yasiyogawika. Ukiweka viini vinane vya kasi ile ile, zile 10 zinakuwa 5, jumla dakika 7. Ukiweka 16, jumla ni dakika 4 na nusu. Ukiweka 32, ni dakika 3 na robo. Viini vimeongezeka mara nane, muda haujapungua hata mara nne, na kila hatua ya kupanda inagharimu zaidi ya ile iliyotangulia.

Sasa geuza upande wa pili. Weka viini vinane tu, lakini kila kimoja kiwe na kasi kwa asilimia 30 zaidi. Zile dakika 7 zinashuka hadi 5 na kitu kidogo, kwa sababu kasi ya kiini hupunguza kila sehemu, hata ile isiyogawika. Kwa ujenzi wa mradi mzima, viini 16 vya polepole bado vinashinda kwa karibu dakika moja. Lakini tazama mabadiliko ya mstari mmoja: tuseme faili inachukua sekunde 10 na linka sekunde 50. Viini 16 vya polepole vitatumia sekunde 60, sawasawa na vile vinne vya mwanzo. Viini vinane vya haraka vitatumia sekunde 46. Mtu anayekompaili kwa namna hii kutwa nzima anapaswa kununua kasi ya kiini kwanza, idadi baadaye, ingawa tangazo dukani litampigia kelele za idadi.

Kabla ya kufika dukani, pima. Kipimo kipo tayari kwenye Linux na hakina gharama. Safisha mradi, yaani ufute matokeo ya ujenzi uliopita, kisha andika `time make -j4` (make ndiyo inayoendesha ujenzi, -j ni idadi ya kazi zinazokwenda pamoja), ukiweka idadi ya viini vyako badala ya nne. Mwishoni utaona namba tatu: real, yaani muda wa saa ya ukutani; user, yaani jumla ya muda ambao viini vyote vilifanya kazi yako; na sys, muda ambao mfumo endeshi ulitumia kwa niaba yako. Jumlisha user na sys, gawanya kwa real. Ukipata dakika 22 za kazi ndani ya dakika 6 za ukutani, jibu ni kama 3.7: viini vyako vinne vilikuwa na shughuli karibu muda wote, na kuongeza vingine kutakusaidia. Ukipata dakika 9 ndani ya dakika 6, jibu ni 1.5. Hapo una viini viwili na nusu visivyo na kazi tayari, na unataka kununua vingine kumi na viwili vya kukaa navyo.

Kuna mtego mmoja kwenye hesabu hiyo. Prosesa nyingi za leo huonyesha nyuzi mbili kwa kila kiini, kwa hiyo mashine ya viini 6 inajitangaza kuwa na 12. Uzi wa pili si kiini cha pili. Unatumia nafasi ambazo uzi wa kwanza umeziacha wazi, na kwenye kukompaili huongeza kiasi cha kuridhisha lakini haukaribii kamwe kuzidisha kazi mara mbili. Kwa hiyo ukitaka uhakika, rudia kipimo kwa -j2, -j4, -j6, na uone ni wapi muda unaacha kushuka. Tupa matokeo ya mara ya kwanza, maana hapo diski ndiyo ilikuwa ikisoma faili zote upya. Na kama una ccache, programu inayohifadhi matokeo ya kukompaili ya awali, izime, la sivyo utapima kumbukumbu yake na si prosesa yako. Wanaoandika kwa lugha ya Rust wana `cargo build --timings`, inayochora kila sehemu ilianza lini na kuisha lini. Wanaotumia kompaila ya Clang wana `-ftime-trace`, inayotaja hata faili ya vichwa iliyokula sekunde nyingi. Kwenye Windows fungua Task Manager, chagua kuona kila kiini peke yake, na utazame ni kwa muda gani visanduku vyote vinajaa pamoja.

Na kabla hata ya kupima, hakikisha unatumia ulichonacho. `make` tupu, bila -j, hutumia kiini kimoja tu. Wako watu wanaolalamikia prosesa ya viini vinane ilhali wanaitumia kama ya kiini kimoja. Ninja, programu nyingine ya kuendesha ujenzi, haina tatizo hili. Inagawa kazi yenyewe. Gradle, inayojenga programu za Android, inahitaji kuambiwa, kwa mstari wa `org.gradle.parallel=true`, na hata ukiiambia, mradi wa Android wenye moduli moja tu hauna vingi vya kugawa. Kampala ina waandishi wengi wa programu za simu, na kwa wengi wao kuupasua mradi katika moduli kadhaa kutaleta nafuu ambayo prosesa haiwezi kuleta. Linka nayo hubadilishwa bure: kutoka ile ya zamani kwenda lld au mold, ambazo zimeandikwa zitumie viini vingi, ile dakika isiyogawika inaweza kugeuka sekunde chache. Ukiifanya hii kwanza, hesabu ya Amdahl inabadilika na hata chipu unayoihitaji inabadilika.

Tuseme umepima na kweli prosesa ndiyo tatizo. Swali linalofuata si chipu ipi ni bora duniani. Ni chipu ipi ubao mama wako utaikubali.

Kwa mwenye ubao wa AMD wenye soketi (nafasi ya kuwekea prosesa) ya AM4 habari ni njema kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Ubao wa B450 ulionunuliwa mwaka 2018 pamoja na Ryzen 5 2600 unaweza kubeba familia ya Ryzen 5000, mradi BIOS yake, programu ya ndani ya ubao inayoiwasha mashine, isasishwe. Kwa hesabu za AMD yenyewe, kizazi cha Zen 2 kilifanya kazi kwa asilimia 15 zaidi katika kila mzunguko kuliko kilichotangulia, na Zen 3, ambacho ndicho cha 5700X na 5950X, kikaongeza 19 juu yake. Tia na mizunguko, kutoka GHz 3.9 ya 2600 hadi 4.6 ya Ryzen 7 5700X, unapata kiini chenye kasi karibu mara moja na nusu, pengine zaidi kidogo. Hiyo 5700X ina viini 8 na imepangiwa wati 65, sawa na 2600, kwa hiyo ubao wa bei ya chini hautatoka jasho. Ile 5950X ni wati 105 kwa jina, na ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta kama 142. Ukiiweka kwenye ubao wa A320 wenye saketi dhaifu za umeme, itapunguza kasi ili isiungue, na utakuwa umelipia viini 16 ukapata kazi ya vichache kuliko hivyo. Maoni yangu: kama hukompaili miradi mizima kila siku, 5700X ndiyo ya kuchukua, na fedha iliyobaki iende kwenye RAM.

Kuna 5800X3D pia, na wauzaji hupenda kuitaja kwa sababu ni maarufu. Ina kache, yaani kumbukumbu ya haraka ndani ya chipu, kubwa ya MB 96, na kwa michezo ya video ilitikisa soko ilipotoka 2022. Kwa kukompaili haina maajabu; mizunguko yake ni ya chini kuliko ya 5800X ya kawaida, na kache ile haifidii vya kutosha. Waachie wacheza michezo. Kadi ya picha nayo haina kazi hapa kabisa. Kompaila zetu haziigusi.

Kwa upande wa Intel, jina la soketi linadanganya. LGA1151 ilitumika kwa kizazi cha 6 na 7, kisha ikatumika tena kwa cha 8 na 9, na pande hizo mbili hazibadilishani chipu ingawa kwa umbo zinalingana. Hili linawagusa wengi, maana mashine za ofisini zilizotumika kama Dell OptiPlex zimejaa madukani. OptiPlex 7050 yenye i5-6500 itakupandisha hadi i7-7700 na hapo ndipo mwisho: viini ni vile vile vinne, nyuzi zimekuwa nane. Windows 11 haikubali rasmi hata hiyo ya kizazi cha 7, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama hutumii Linux, usitie fedha humo. OptiPlex 7060 ina unafuu, i5-8500 inaweza kupisha i7-8700 yenye viini 6 na nyuzi 12, lakini angalia kasha. Yale madogo yana feni ndogo na pawa saplai ya umbo lao wenyewe, hivyo joto na umeme vitakuwekea mpaka kabla soketi haijakuwekea.

Mwenye laptopu ana jibu fupi. Prosesa imechomelewa kwenye ubao. Kwa Intel, kizazi cha 4 ndicho kilikuwa cha mwisho kuwa na soketi kwenye laptopu za kawaida. Fundi anayekuahidi kubadilisha prosesa ya laptopu ya kizazi cha 8 ama ana mashine za kiwandani ama anakuuzia maneno. Ongeza RAM, weka SSD, badilisha pasta ya kupoza prosesa, na ukinunua nyingine tazama herufi ya mwisho: U ni ya kuokoa betri, H na HX ndizo za kazi nzito.

Anayejenga mashine mpya ana njia mbili kuu. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, inataka RAM ya DDR5 tu, na AMD imeahidi kuendelea nayo hadi 2027 na kuendelea. LGA1700 ya Intel ina mbao zinazokubali DDR4, kwa hiyo unaweza kuhamisha RAM uliyonayo, na tangu bei za RAM zipande vibaya mwishoni mwa 2025 hilo si jambo dogo. Chipu kama i5-13500 inauzwa kwa jina la viini 14, lakini 6 ni vikubwa na 8 ni vidogo. Vidogo vinakompaili vizuri tu, ila usivihesabu sawa na vikubwa.

RAM nimeitaja mara kadhaa, na ina sababu. Kila kazi ya C++ inayoendeshwa sambamba inaweza kula GB 1 hadi 2, na linka ya mradi mkubwa wenye taarifa za kutafuta makosa hula zaidi. Mtu akipanda kutoka nyuzi 8 hadi 32 akabaki na GB 16, atakutana na ujumbe huu: `c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`. Watu huusoma wakadhani kompaila ina hitilafu. Ni mfumo umeishiwa RAM na umeua kazi. Kwa nyuzi 16, GB 32 ni kiwango cha amani, tena katika vipande viwili ili njia zote mbili za kumbukumbu zitumike. Anayetaka kujenga Android yenyewe, si programu ya Android, ajue Google inadai GB 64 za RAM na GB 400 za diski, na huko prosesa ni la tatu katika mambo ya kuuliza.

Umeme. Bwawa la Karuma limeongeza MW 600, lakini uzalishaji haukuwahi kuwa shida pekee. Nguzo ikianguka mtaani kwako Ntinda, Karuma haikusaidii. Fikiria betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 kwenye inveta. Kwenye karatasi ni Wh 1,200, lakini betri ya namna hiyo ukitaka iishi utumie nusu, yaani 600. Mashine inayovuta wati 250 ikikompaili itaimaliza kwa saa mbili na kitu, ukiondoa na zinazopotea kwenye inveta. Ile ya wati 130 itakupa zaidi ya saa nne. Kwa anayefanya kazi nyumbani, tofauti hiyo ni kama saa mbili za kazi, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, nayo itaisha polepole zaidi. Prosesa kama i9-14900K, inayoweza kupanda hadi wati 253 peke yake, naiona ni ya watu wenye jenereta. Ryzen nyingi zina mpangilio wa Eco kwenye BIOS unaozishusha wati. 5950X ikishushwa hadi kiwango cha wati 65 hupoteza sehemu ya kasi yake ya kukompaili, lakini ndogo kuliko sehemu ya umeme inayookoa, kwa sababu wati za mwisho ndizo zenye faida ndogo kuliko zote.

Umeme huo huo ndio wa kuogopa zaidi siku ya kusasisha BIOS. Ukikatika katikati, ubao unaweza kufa. Chomeka kwenye UPS iliyojaa, na usasishe ukiwa bado na chipu ya zamani ndani. Ubao usioijua Ryzen 5000 hautawaka ukiwa nayo, na hutakuwa na njia ya kuingia isipokuwa ubao una kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa.

Kukodi mashine ya mbali nako kunawezekana, na kwa anayejenga mradi mzima mara moja kwa wiki ni nafuu kuliko kununua. Msimbo unaosafiri ni mdogo, bando halitaumia. Kinachowashinda wengi ni kadi ya dola, na jinsi bili inavyokimbia ukisahau kuizima.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na tochi ya simu. Chipu za AM4 zina pini 1,331 chini yake. Zikague kwa mlalo, safu kwa safu, iliyopinda itajitokeza. Za Intel pini ziko kwenye ubao, kwa hiyo kagua soketi badala ya chipu. Chipu yenye maandishi INTEL CONFIDENTIAL ni ya majaribio ya kiwandani, haikukusudiwa kuuzwa, na bei yake nzuri ina sababu. Ukiona Ryzen PRO iliyotolewa kwenye mashine ya Lenovo, kuwa mwangalifu: baadhi hufungwa na ubao wa kampuni hiyo na hazitawaka penginepo, hata muuzaji aape vipi kwamba, bosi, hii ni safi. Nyumbani, kabla ya kutoa feni kwenye AM4, iendeshe mashine ipate joto kisha uizungushe feni kidogo kushoto na kulia, maana ukiivuta kwa nguvu itang'oka na prosesa ikiwa imeganda chini yake.

Prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14 zinahitaji tahadhari yao. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti ya juu kupita kiasi ilikuwa ikiziharibu baadhi ya zile zenye nguvu, ikatoa sasisho la 0x129 mwezi Agosti na kuongeza miaka miwili kwenye dhamana ya zilizouzwa na boksi. Sasisho hilo linapunguza hatari ya uharibifu mpya, haliponyi chipu iliyokwisha kuumia, na iliyotumika hujui iliishi vipi kabla yako. Kipimo chake ndicho kazi yako yenyewe. Omba muda dukani, au sharti la kurudisha ndani ya siku chache, kisha jenga mradi mkubwa, kerneli ya Linux kwa mfano, viini vyote vikifanya kazi. Ikikatika kwa `internal compiler error: Segmentation fault`, usibadilishe chochote, jenga tena. Kosa likitokea kwenye faili ile ile, tafuta tatizo kwenye msimbo au kompaila. Likihamia faili nyingine, jaribu na RAM nyingine. Likiendelea kuhama, irudishe prosesa siku hiyo hiyo.